Albedo ya vilima vya Irangi inashuka tangu 2000: ardhi imebadilika au setilaiti imezeeka?

Mwl_Kolo

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari ya kata huku Kondoa. Majuzi nilikuwa nafundisha habari za mionzi ya jua, nikawaambia vijana kwamba theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, mchanga wa jangwani asilimia 35 hivi, msitu mnene kama 12 tu. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, babu anasema zamani huku kulikuwa makorongo matupu. Kwa hiyo mtu akituangalia kutoka juu, tulikuwa tunang'aa kuliko sasa?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu yuko chuo, akanishushia data za albedo za MODIS, kihisi cha setilaiti, faili ziitwazo MCD43A3, kipande cha vilima kati ya Kolo na Haubi. Nikachora grafu kwenye kompyuta ya shule. Inapanda na kushuka kila mwaka, lakini ukipitisha mstari katikati, tangu 2000 hadi 2024 unashuka. Si sana, ila unashuka.

Mimi furaha tele. Nikasema hii ndiyo kazi ya HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, miti imerudi, ardhi imefunikwa. Mwenzangu wa fizikia akacheka mpaka akakaa. Anasema chombo kilichorushwa 1999 kitakuwa kimechakaa, kwamba kinachofifia ni kioo chake wala si vilima vyetu. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Wajuzi, nani yuko sahihi? Na la pili: kama ardhi inazidi kuwa nyeusi, si ina maana inameza jua zaidi? Mbona basi tunaambiwa tupande miti tupunguze joto? Nawasilisha.

Bwana_Kejeli

Albedo si ile dawa ya minyoo waliyokuwa wanatugawia shuleni? Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

Mama_Pikseli

Kejeli, hiyo ni albendazole, kameze kwanza halafu urudi. Albedo ni sehemu ya mwanga wa jua ambayo ardhi inairudisha. 0.12 maana yake katika kila mia inarudisha 12 na kumeza 88. Tuendelee.

Mwalimu, huyo mwenzako wa fizikia msikilize. Swali lake ndilo tunaloanza nalo hata sisi tunaokula kwa kazi hii.

MODIS ni kihisi kilichofungwa kwenye setilaiti mbili za NASA: Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyofuata Mei 2002. Data yako imechanganya zote mbili. Kule juu vioo vinapigwa na mionzi mikali mwaka hadi mwaka na vinafifia, tena si kwa usawa. Bendi ya bluu, yaani sehemu ya kihisi inayopima mwanga wa bluu, hufifia haraka kuliko nyekundu. Ili kujua vimefifia kiasi gani, kihisi kina kibao cheupe: mlango unafunguliwa, jua linakipiga, kihisi kinakisoma. Mwezi nao hutazamwa kwa kazi hiyohiyo. Sasa mwaka 2003 mlango wa kibao cha Terra ukaleta hitilafu, ukaachwa wazi moja kwa moja. Tangu hapo kibao chenyewe kikawa kinaungua kwa kasi kuliko ilivyopangwa. Yaani chombo kinazeeka, na cha kupimia uzee wake nacho kinazeeka.

Hilo liliwahi kuzua mjadala Greenland. Katika toleo la 5 la data, theluji kavu ya juu kabisa, mahali ambapo kwa kawaida hapayeyuki, ilionekana inazidi kuwa nyeusi. Watu wakatafuta masizi, wakatafuta vumbi. Utafiti uliotoka 2015 ukaonyesha kwamba weusi ule kwa sehemu kubwa ulikuwa ni Terra kuchakaa. Toleo la 6 lilipofanyiwa marekebisho, mteremko wa kule juu ukapungua sana. Wa pembezoni, hasa pwani ya magharibi ambako barafu inayeyuka kweli, ukabaki. Ona jinsi mambo yalivyo: ndani ya grafu moja ukweli na uchakavu vilikaa pamoja, na vyote viwili vilikuwa vinashuka.

Kwa hiyo fungua jina la faili zako. Kondoa iko kwenye kigae, yaani kipande cha ramani, h21v09, baada ya hapo utaona tarakimu tatu. Ikiwa ni 005, futa zote, usihangaike nazo. Ikiwa ni 061, tuongee.

Halafu fanya jaribio ambalo hata wanafunzi wako wataliweza. Chukua data ileile, miaka ileile, lakini ya jangwa la Libya, eneo ambalo watu wa vihisi wanaliita Libya-4, nyuzi 28.55 kaskazini na 23.39 mashariki. Pale ni mchanga tu, hakuna shamba, hakuna ng'ombe, mvua ni ya nadra. Kama mstari wa Libya nao unashuka kwa kiasi kilekile cha kwako, mwenzako ameshinda na umnunulie soda. Ukiwa umelala wakati wa kwako unateremka, hoja yako inaanza kupata miguu. Nasema inaanza, kwa sababu baadhi ya bendi za Terra katika toleo la 6 zilisawazishwa kwa kutumia majangwa hayohayo, kwa hiyo shahidi wetu amekaa karibu kidogo na mshtakiwa.

Tena miaka ya mwisho iangalie kwa jicho la pembeni. Terra ilikuwa inavuka ikweta saa nne na nusu asubuhi, lakini tangu 2020 haisukumwi tena kurudi kwenye njia yake, saa yake ya kupita inasogea mapema zaidi. Jua likiwa chini zaidi, vivuli vinarefuka. Hesabu za MCD43 zinajaribu kulisahihisha hilo kwa kukusanya mitazamo ya siku 16 kutoka pembe tofauti, na zinajitahidi, ila mimi binafsi singeegemeza hoja yangu kwenye miaka hiyo.

Sasa nije kwako wewe, Mwalimu. HADO ilianza 1973. Mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, kilomita za mraba 1,256, mwaka 1979. Data yako inaanza 2000. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, miti ikaota, yote hayo kabla MODIS haijafungua jicho. Umefika harusini wakati viti vinakusanywa, halafu unasema umeona bibi harusi akiingia! Huo mteremko wako, hata ukiwa wa kweli, ni wa kitu kingine.

Kitu gani? Mimi ningeanza na mvua. Udongo mkavu unang'aa kuliko uliolowa, na nyasi zilizokauka zinang'aa kuliko mbichi katika mwanga unaoonekana. Mwaka 2000 Afrika Mashariki ilikuwa kwenye ukame. Msimu wa 2019/20 mvua zilikuwa nyingi mno, Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kawaida. Ukianza mstari mahali pakavu ukaumalizia karibu na palipolowa, utashuka tu, hata kama hakuna mti mmoja ulioongezeka. Ondoa miaka mitatu ya mwanzo na mitano ya mwisho, chora upya. Mstari ukibadili mwelekeo, basi haukuwa mwelekeo.

Mwl_Kolo

Mama, umenipiga kwa adabu. Faili ni 061, hapo nimepona. Ila kuna kitu sijaelewa: ndani yake kuna albedo tatu, ya mwanga unaoonekana, ya infraredi ya karibu, na ya jumla. Mimi nilichukua ya jumla. Na kuna safu ya ubora yenye 0 na 1. Nilipobakisha 0 peke yake, Desemba hadi Machi pamebaki patupu kabisa, karibu hakuna namba.

Mama_Pikseli

Patupu kwa sababu ya mawingu. 0 maana yake siku zile 16 zilitoa mitazamo ya kutosha, hesabu imekamilika. 1 maana yake mitazamo ilikuwa michache, kompyuta ikaazima umbo la mwakisiko kutoka kwenye kumbukumbu za nyuma na kulinyoosha lilingane na kilichoonekana. Kwa ramani ya dunia inatosha. Kwa mteremko mdogo kama wako, achana nayo.

Kwa hiyo usichore mwaka mzima. Chagua dirisha moja na ulishike kila mwaka. Wengi hukimbilia Agosti kwa sababu anga ni safi, mimi kwenye nchi ya miombo siipendi Agosti. Moto huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba, na majivu meusi yanashusha albedo kwa majuma kadhaa. Ukitumia Agosti utakuwa unapima nani alichoma, wapi, mwaka gani. Na moto wenyewe unabadilika: kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo, na sehemu kubwa ya kupungua huko ni savana, Afrika ikiwemo, kwa sababu mashamba yamekata pori vipandevipande. Septemba nayo ina mambo yake. Miombo huchipua kabla ya mvua, majani yakiwa mekundumekundu. Chukua mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni: mvua imekwisha, mawingu yamepungua, moto haujashika kasi.

Kuhusu albedo tatu, hapo ndipo penye utamu wote. Jani bichi linameza mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake, lakini infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho ulio jirani na mwekundu, linairudisha kwa wingi. Udongo mtupu hauna tofauti kali hivyo kati ya bendi hizo mbili. Kwa hiyo majani yakiongezeka, albedo ya mwanga unaoonekana inashuka, ya infraredi mara nyingine inapanda, na ukizijumlisha unaweza kuona kama hakuna kilichotokea. Ukichora ya jumla tu unaficha ushahidi wako mwenyewe. Chora hizo mbili kando kwa kando. Zikishuka pamoja, fikiria unyevu, moto au vivuli vya miti. Zikiachana, fikiria majani.

Mzee_wa_Haubi

Hamjambo vijana wangu. Mjukuu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Huyu mama anajua mambo, lakini nataka kuweka sawa jambo moja. Mnasema huku kulikuwa kunang'aa. Vilima havikuwa vinang'aa. Vilima vilikuwa vyekundu, udongo wetu ni mwekundu, makorongo yamekatika hadi chini kama yanavyoonekana mengine hata leo. Kilichokuwa cheupe ni mabondeni, kule mchanga ulikoteremkia. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta shamba la mtu limefunikwa, na mto umehama. Mchanga ule mchana huwezi kuukanyaga bila viatu, na macho yanauma.

Ng'ombe walipoondoka 1979 mimi nilikuwa kijana, wa kwetu tuliwaswaga hadi kwa wajomba tambarare. Mwaka wa kwanza tu nyasi zilitoka. Kisha vichaka, mpaka ikafika tukaogopa kupita jioni. Baadaye, kuelekea 1990, wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wa kulishwa ndani. Siku hizi mambo yamechanganyika: kuna mlima una miti mizuri, wa pili yake watu wanalima mpaka juu na wanachoma mkaa. Na mabondeni kwenye mchanga ule ule watu wanalima, wengine wanapata viazi vitamu vizuri.

Sasa hicho kipande chenu kina ukubwa gani?

Mama_Pikseli

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote humu. Pikseli moja ni mita 500 kwa 500. Ndani yake mnaweza kukaa korongo, shamba la viazi, mlima wenye miti na mlima uliolimwa, na sisi tunapewa namba moja. Na kwa ulivyoeleza, weupe ulikuwa bondeni na wekundu mlimani. Udongo mwekundu una chuma, unameza sana bluu na kijani, kwa jicho letu si mweupe hata kidogo, ila kwenye infraredi unang'aa vizuri. Mti ukiota juu ya udongo mwekundu hauleti badiliko sawa na nyasi zikiota juu ya mchanga mweupe. Mwalimu, kabla hujachora kitu kingine chochote, tenganisha mabonde na vilima.

Na swali la binti yako lina historia. Mwaka 1974 mwanasayansi anayeitwa Otterman aliandika kuhusu picha za setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa Julai 1972. Mpaka kati ya majangwa ya Sinai na Negev, kule Misri na Israeli, ulionekana kama mtu ameupiga rula: upande wa Sinai, mifugo imelisha hadi udongo, panang'aa, upande wa Negev, malisho yamezuiwa, peusi. Mvua ileile, udongo wa aina moja. Mwaka uliofuata Jule Charney wa Marekani akalibeba wazo hilo hadi Sahel, ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara. Kwenye kompyuta yake alipandisha albedo kutoka 0.14 hadi 0.35, na mvua ikapungua. Hoja yake: ardhi ikirudisha jua nyingi, inakosa nishati ya kupandisha hewa, hewa inashuka, mawingu hayajengeki, ukame unajizaa wenyewe. Wazo zuri sana, na lilitisha watu. Lakini mruko alioipa modeli yake ya kompyuta ulikuwa mkubwa mno kwa Sahel halisi, na baadaye ikaonekana kwamba ukame wa Sahel uliongozwa zaidi na joto la bahari. Sehemu ya ardhi ipo, ila si dereva.

Swali lako la pili, la joto, linajibiwa hapohapo. Otterman alidhani ardhi iliyovuliwa nguo itakuwa baridi zaidi kwa kuwa inarudisha jua. Jackson na Idso wakamjibu 1975 kwa vipimo vya chini: udongo mtupu ulikuwa na joto zaidi. Kwenye mpaka wa Mexico na Marekani, jangwa la Sonora, ni vivyo hivyo. Upande wa Mexico umelishwa zaidi, unang'aa zaidi, na mchana una joto zaidi. Hesabu ya Kondoa ni hii: kanda ya kati inapokea wastani wa wati 240 hivi kwa mita ya mraba, mchana na usiku ukijumlisha. Albedo ikishuka kwa 0.01, ardhi inameza wati 2.4 zaidi. Si kidogo. Lakini mti una mizizi, unavuta maji na kuyatoa hewani, na kugeuza maji kuwa mvuke kunakula nishati nyingi ambayo vinginevyo ingepasha udongo. Kwa hiyo mti unameza jua zaidi na bado chini yake kuna ubaridi. Kasoro ni kiangazi cha mwisho, maji yakiisha na majani yakidondoka. Hapo weusi unabaki na ubaridi unapungua. Kanada na Siberia hadithi ni nyingine kabisa, misonobari myeusi inafunika theluji ya asilimia 80, na kupanda msitu huko kunaweza kuongeza joto. Ushauri wa kule usiuhamishie Kondoa, na wa Kondoa usiupeleke kule.

Fundi_Bati

Mama samahani, nadandia. Mimi napaua nyumba Dodoma. Tangu serikali ihamie huku watu wanajenga usiku na mchana. Bati jipya linapiga mwanga mpaka kwenye macho ya jirani. Hiyo haionekani huko juu?

Mama_Pikseli

Inaonekana, ila kwa pikseli ya mita 500 bati lako limezungukwa na uwanja uliofyekwa, barabara na kivuli cha ukuta. Na likipata kutu linakuwa jeusi. Mfano safi ni Almería, Hispania, ambako bonde zima limefunikwa na vibanda vya plastiki vya kulimia mboga, na wakulima huvipaka chokaa ili mimea isiungue. Albedo ilipanda, na kati ya 1983 na 2006 joto la hewa pale lilishuka kwa nyuzi 0.3 kila miaka kumi, wakati maeneo ya jirani yalikuwa yanapanda. Ni mojawapo ya sehemu chache ambako nimeona weupe wa binadamu ukishinda waziwazi. Paka bati jeupe, wateja wako watakushukuru mchana.

Mwl_Kolo

Nimeelewa kwamba kwa HADO lazima nirudi nyuma ya 2000. Ninasikia kuna AVHRR, kihisi cha setilaiti za hali ya hewa za NOAA, ya tangu 1981, na Landsat. Ipi?

Mama_Pikseli

AVHRR kwa eneo dogo kama lako hapana. Haikuwa na kifaa chake cha kujisawazisha kwenye mwanga unaoonekana, na saa zilihama vibaya: setilaiti ya NOAA-11 ilianza 1988 ikipita mapema alasiri, hadi 1994 ikawa inapita karibu na jioni. Ongeza ukungu wa salfa wa volkano ya Pinatubo ya Juni 1991 uliotanda angani. Utapata mteremko mzuri sana usio na maana yoyote.

Chukua Landsat, ni bure tangu 2008. Picha za miaka ya sabini zina bendi nne tu, hazifiki infraredi iliyo mbele ya ile ya karibu, kwa hiyo usiziite albedo; sema mng'ao wa bendi nyekundu na wa infraredi ya karibu, basi. Ukanda wetu una mapengo makubwa, hasa miaka ya themanini. Ukipata moja ya kiangazi kabla ya 1979 na nyingine ya mwezi uleule katikati ya themanini au tisini, umepata kazi ya muhula mzima. Weka alama kwenye bonde moja la mchanga na kilima kimoja chekundu, vitu ambavyo mzee anavikumbuka kwa jina. Linganisha navyo kitu kisichobadilika, mwamba mkubwa mtupu, Kondoa mnayo mingi.

Ukishachora, weka hapa mistari yote miwili, hata kama haikupendezi.

Mzee_wa_Haubi

Mwalimu aje Jumamosi, baada ya gulio. Nitamwonyesha mchanga ulipokuwa unapita na korongo lilipofikia. Aje na viatu vya kupandia, asije na makubazi.

Bwana_Kejeli

Na mimi nakuja. Fundi, niletee kipande cha bati jipya, nataka kuona kama setilaiti itanikonyeza.